Mume wa Hamdiya

Azaiba, Maskati
2 Februari 2025

Mdogo wangu Hamdiya,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na binti yetu Atheer na shemegi Behruz, na baridi ya huko isiwe imewaumiza. Sisi huku hatujambo. Mwaka huu baridi haikuingia khasa, bamia za uani zinazaa kama mwezi wa nane. Mwanangu Jaifar na mkewe wamehamia Bawshar, nyumba nzuri lakini ukitaka mkate lazima uwashe gari. Kila Ijumaa wanakuja kula kwangu. Kazini wamempandisha, sasa yumo katika wale wanaopokea wageni wa serikali, na amenunua viatu ambavyo bibi yake anasema vinalia kama bata.

Barua hii inakuja na Bakhit, yule mwenye duka la mazulia hapa njia kuu, ambaye huja huko kwenu kununua mali. Amenicheka. Kasema, "Bi Kheiria, dunia nzima ina simu, wewe umenifanya mimi posta." Wewe ndiye uliyeniambia nisikupigie wala nisikuandikie kwa simu, na sikukuuliza kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama. Figo zake zimekwisha, Hamdiya. Anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akirudi halali wala haamki, analala tu macho wazi. Daktari ameniita pembeni akaniambia moyo nao umechoka. Hakusema muda, na mimi sikutaka kuusikia. Kila magharibi Mama ananiuliza, "Hamdiya hajapiga?" Namwambia ulipiga yeye akiwa amelala. Nimekuwa hodari wa kusema hayo.

Hujaja tangu tulipomzika Baba. Njoo Idi hii. Tikiti ntakata mimi, chumba chako kipo, na Atheer atalala na mimi. Usiniambie utaangalia. Niambie unakuja.

Dada yako,
Kheiria


Isfahan
10 Machi 2025

Dada Kheiria mpenzi,

Ramadhani njema kwenu nyote. Mshike Mama mikono yote miwili unapomfikishia salamu zangu, usimsalimie kwa mdomo tu. Sisi wazima. Hapa watu wanaosha mazulia na kung'arisha madirisha kwa ajili ya mwaka wao mpya, na mimi nimefunga huku nimepanda ngazi nafuta vioo. Atheer yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma fizikia, anawashinda wavulana na anajua kuwa anawashinda. Kiswahili chake bado kizuri, ingawa mimi namsemesha zaidi nikiwa nimekasirika, kwa hivyo anajua maneno makali kuliko ya mapenzi.

Barua yako Bakhit aliniletea mwenyewe, akakataa hata chai. Nimeisoma jikoni nimesimama.

Dada, siwezi kuja Idi. Nakuomba usome hili taratibu usiniwekee kinyongo. Pasi zetu, yangu na ya Atheer, haziko nyumbani. Ziko kazini kwa Behruz. Wake na watoto wa watu wa pale wote ndivyo walivyo. Ukitaka kusafiri, mume anaomba, halafu wanakaa wanaangalia, halafu mara nyingi hakuna jibu. Behruz ameomba mara mbili tangu Mama aanze kuugua. Simu zetu nazo zina wasikilizaji, ndiyo maana nikakwambia vile. Barua wakiifungua, angalau Kiswahili itabidi wamtafute mtu.

Najua unachotaka kuuliza. Usiniulize. Nilipoolewa alikuwa mwalimu wa chuo, mhandisi wa pampu, mtu wa chaki. Baadaye wakamwita mahali pengine. Aliniambia, "Ni pampu zile zile, Hamdiya, ila sasa zinanyonya hewa badala ya maji." Nimeishi na jibu hilo, na ni mume mwema, hajanipandishia sauti hata siku moja.

Maisha yamekuwa ghali sana kwa hivi vikwazo vya Wamarekani. Dawa yangu ya tezi naipata mwezi huu, mwezi ujao siipati. Lakini usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Hamdiya


Azaiba, Maskati
29 Aprili 2025

Hamdiya mwanangu,

Salamu na mapenzi. Idi tuliila hapa kwangu, watu walijaa mpaka barazani, na Mama alivalishwa kanga mpya akakaa kitini kama bibi arusi. Alikula bokoboko kidogo. Nimekutumia dawa ya tezi kwa Bakhit, ya miezi mingi, nimeificha ndani ya kifurushi cha halwa. Usigawe halwa kabla hujaifungua.

Nna khabari, na huenda unazijua kunishinda. Wakubwa wa huko kwenu na Wamarekani wanazungumza, na wamekuja kuzungumza hapa hapa Maskati. Walikuja mara ya kwanza baada ya Idi, wakaenda Ulaya, juzi Jumamosi wamerudi tena hapa. Jaifar yumo katika wanaowaangalia wageni, magari na vyumba na kahawa. Hasemi kitu, mtoto yule kawa kama sanduku. Lakini mimi nimemzaa. Akija amechoka akala kimya, najua hawakuelewana. Jumamosi alikuja akala sahani mbili na akamtania mkewe, nikasema moyoni, alhamdulillah.

Mama naye kajua. Anatazama televisheni siku nzima, na kila ukitajwa mji wenu ananyamazisha watu. Ijumaa kamwita Jaifar karibu akamwambia, "Hao wageni wako, waambie mimi sitaki madini yao wala mabomu yao. Nnataka mwanangu. Hakuna hata mmoja anayeweza kuniletea?" Jaifar alicheka, halafu akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Sasa Hamdiya, uliniambia nisiulize, na mimi nimejizuia mpaka leo. Wanasema watu wa nje kwamba huko kuna bomu linatengenezwa. Wenyewe wanasema ni umeme na dawa. Mimi sijui urani, hayo madini yao, ni kitu gani, ningeiona sokoni ningedhani mkaa. Lakini nataka kujua mdogo wangu analala ubavuni mwa nini. Shemegi anafanya kazi gani?

Nijibu ukiweza. Usipoweza, njoo tu.

Kheiria


Isfahan
27 Mei 2025

Dada Kheiria,

Nakusalimu kwa furaha ambayo sijaizoea, naiogopa. Halwa nimeifungua mimi mwenyewe mlango umefungwa, na nikala nusu yake kabla ya kuitazama dawa. Mungu akulipe. Atheer amemaliza mitihani, amekonda, anataka kukata nywele na mimi nimekataa.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Jibu langu ni kwamba sijui, na sijui kwa sababu sikutaka kujua. Kuna wanawake hapa wanawapekua waume zao wakilala. Mimi nilimfulia mashati, nikatoa kalamu mfukoni, basi. Watu wa nje wanasema bomu, redio ya hapa inasema dawa za saratani. Behruz akirudi anauliza kuna nini cha kula.

Lakini sikiliza. Tangu mazungumzo yaanze amekuwa mtu mwingine. Juzi, tunakunywa chai, kaniambia bila kuulizwa, "Wakitia saini mimi naomba kurudi kufundisha. Nimechoka na watu ambao hawaulizi maswali." Nikamuuliza, "Na wasipotia?" Akatazama glasi yake akasema chai imepoa.

Jana karudi na pasi mbili mfukoni mwa koti. Yangu na ya Atheer! Kasema huko juu wamelegea kidogo kwa kuwa wanatarajia mambo mema, na yeye ameshika nafasi hiyo kabla hawajabadilika. Yake hawakumpa, na hakuiomba. Tutaondoka baada ya Idi kubwa. Atatupeleka kwa gari mpaka Shiraz, na Jumamosi ya tarehe 14 Juni tunapanda ndege ya Maskati. Nimesikia wajumbe nao watakuja tena huko kwenu. Basi mimi ntawatangulia.

Nimemuuliza Atheer akifika atamwambia nini bibi yake. Kasema, "Nitamwambia samahani kwa kuchelewa." Sikumfundisha mimi.

Mwambie Mama sasa. Mwambie tarehe yenyewe.

Hamdiya


Azaiba, Maskati
11 Juni 2025

Hamdiya,

Haraka haraka, Bakhit anaondoka leo na huenda barua hii ikakukuta umeshafunga mizigo. Idi imepita salama. Chumba tayari, mashuka mapya, nimefukiza udi mpaka paka kahama. Mama tangu nimwambie tarehe anakula. Jana kadai apakwe hina, na muuguzi kakataa kwa ajili ya ile mishipa ya mkononi, basi tumempaka miguu.

Jaifar ndiye atakayekuja kukupokeeni uwanjani. Ana nafasi siku hizi, yuko likizo.

Usilete zafarani wala pistachio, huku zipo. Jilete mwenyewe.

Dada yako


Azaiba, Maskati
30 Juni 2025

Mdogo wangu,

Sijui pa kuanzia salamu. Mko wapi? Mko hai? Jumamosi ile Jaifar alikuwa uwanjani tangu asubuhi, ingawa sote tulishasikia alfajiri ya Ijumaa kwamba mmepigwa na kwamba anga imefungwa. Alisema huenda ndege moja ikapenya. Wajumbe hawakuja, mazungumzo yamefutwa. Meza walizozipanga zimepanguliwa.

Nimevunja ahadi yangu, nimekupigia. Simu haiiti hata. Vita vimesimama sasa, wanasema, lakini simu yako bado kimya. Kwenye televisheni wameionyesha Isfahan, moshi tu, na mimi nikawa natafuta roshani yako katika moshi ule kama mwendawazimu.

Bakhit yuko hapa, alirudi kwa barabara na bahari kupitia Bandar Abbas. Hakuweza kufika kwenu. Barua yangu ya mwisho bado anayo, ataileta pamoja na hii safari za ndege zikifunguliwa.

Sisi huku tupo. Mama anapumzika.

Niandikie neno moja. Andika "nipo", basi.

Kheiria


Isfahan
19 Julai 2025

Dada Kheiria,

Nipo. Atheer yupo.

Behruz hayupo tena.

Barua zako mbili nimezipata pamoja jana. Nilianza na ile ya hina, nikaiweka chini.

Ntakueleza mara moja, na usinitake nirudie tukionana. Alhamisi ile alikwenda kazini akasema atalala huko amalize mambo, ili Ijumaa tuondoke mchana kwenda Shiraz bila deni la kazi. Mizigo ilikuwa mlangoni. Alfajiri madirisha yakatikisika. Atheer akaja kitandani kwangu, mtoto mkubwa yule, akajilaza kama alipokuwa na miaka minne. Nikamwambia ni mbali, ni mbali. Baba yake alikuwa huko kwenye mbali.

Walituletea jeneza limefungwa. Nilizuiwa kulifungua. Mazishi yalikuwa makubwa, Dada, na bendera, na watu nisiowajua wakilia kama ndugu. Akasimama mtu mwenye kipaza sauti akaanza kusoma nani alikuwa mume wangu. Mkuu wa hiki, mwanzilishi wa kile, mtumishi wa siri wa taifa kwa miaka kumi na tano. Nilikuwa nimekaa mbele, najitazama miguu. Nikasema, huyu wanayemzika simjui, labda wamekosea jeneza. Nilijua anapenda limau kwenye supu. Nilijua anaogopa nyuki. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatengeneza bomu au umeme. Redio za nje zinasema hivi, redio za hapa zinasema vile, na zote mbili zinalitaja jina lake kana kwamba walikula naye.

Najichukia kwa kutouliza, halafu najiambia ningeuliza angenidanganya, na afadhali hakunidanganya.

Atheer hakulia makaburini. Yule mtu aliposoma, yeye aliinua kichwa. Niliuona uso wake na ukanitia khofu kuliko ile alfajiri.

Pasi bado nnazo. Hakuna aliyekuja kuziulizia. Ndege zimeanza tena, na eda yangu itakwisha Oktoba. Nikishatoka eda tu nakuja kwa Mama. Mwambie nakuja, safari hii kweli. Mwambie Behruz amesafiri. Usimwambie zaidi, moyo wake hautaweza.

Hamdiya


Azaiba, Maskati
5 Agosti 2025

Hamdiya wangu,

Mungu amrehemu shemegi Behruz, amsamehe alichokifanya na alichofanyiwa. Akupe subira wewe na mtoto. Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaenda kukaa chumba ulichokuwa ulale.

Nimekaa na kalamu hii tangu juzi. Kuna mtu amenishauri ningoje mpaka uje, nikwambie uso kwa uso. Lakini ukija kwa ajili yake ukamkosa hutanisamehe, na utakuwa na haki.

Mama ametutoka tarehe 17 Juni, Jumanne, kabla ya adhuhuri. Alikuwa nyumbani, kitandani kwake, mimi nipo na muuguzi yupo. Hakuteseka. Tulimzika alasiri ile ile, karibu na Baba. Nilipokuandikia kuwa anapumzika sikusema uongo, lakini nilijua utakavyosoma.

Jumamosi ile alitaka avalishwe mapema. Akakaa sebuleni ameelekea mlango. Tukamwambia ndege imechelewa. Jumapili tukamwambia bado. Televisheni tulikuwa tumeichomoa, tukasingizia umeme. Hakuuliza sana. Usiniulize mengine ya siku zile, sijawa tayari.

Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Jaifar hakuwa likizo. Siku chache kabla ya ile duru ya mazungumzo iliyokuwa ifanyike hapa walimwita wakamuuliza khabari za mumeo, mume wa khalati yake. Alisema anachokijua, yaani hakuna. Wakamwambia kwa heshima kwamba kwa wakati huu akae nyumbani. Sasa wamempeleka ofisi nyingine, anapanga mafaili. Hana kinyongo na wewe, Hamdiya. Alikwenda uwanjani siku ile akiwa ameshatolewa kazini, na alikwenda na maua.

Basi njoo. Njoo na Atheer. Hakuna tena mgonjwa wa kumkimbilia, tuko sisi tu. Lakini njoo.

Kheiria


Isfahan
9 Oktoba 2025

Dada Kheiria,

Salamu kwako, na kwa Jaifar salamu za peke yake. Mwambie khalati yake anaona haya.

Sikukuandikia miezi miwili. Mwanzo sikuweza. Nilimlilia Mama na mume katika kilio kimoja mpaka sijui chozi lipi la nani. Halafu nilinyamaza kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo nakuandikia.

Vikwazo vya dunia nzima vimerudi tangu mwisho wa mwezi uliopita. Hapa watu walipanga foleni kununua mafuta ya kupikia na dhahabu, kila mtu kwa uwezo wake. Mimi nilikuwa natoa nguo kabatini, nikamwambia Atheer tutafute siku ya kusafiri. Akasema, "Wewe nenda, Mama. Mimi nina masomo."

Nikamwambia Maskati kuna vyuo. Akanijibu kuwa ameshazungumza na watu wa kazini kwa baba yake. Walikuja makaburini siku ya arubaini, wakamwambia akimaliza shahada nafasi ya kusoma zaidi ipo, na baadaye kazi ipo. Amekubali. Alikubali tangu Julai, akawa ananipikia na kunipangusa machozi na hakusema.

Nilimshika mabega. "Walimuua baba yako kwa kile kile."

"Ndiyo. Kwa alichokuwa anakijua. Na mimi ndicho ninachokisoma."

"Basi soma kingine."

Akanitazama bila hasira hata kidogo, akasema kwa sauti ya Behruz khasa. "Kabla ya ile alfajiri, Mama, nilikuwa nataka kusoma nyota. Wao ndio walionichagulia."

Nilipiga kelele baadaye, lakini alikuwa ameshafunga mlango wa chumba chake.

Wiki iliyopita mabwana wawili walikuja wamevaa vizuri. Wakanipa pole tena, wakaomba pasi ya Atheer, kwa usalama wake. Akawapa mwenyewe. Yangu wakaniachia.

Dada, mume nilimfuata bila kujua ninachokifuata. Mtoto siwezi kumwacha kwa kuwa najua. Nikija Maskati, nani atakayemuuliza akirudi jioni, kuna nini leo, umefanya nini leo? Baba yake sikumuuliza. Huyu ntamuuliza kila siku, hata akinichukia. Ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Kwa hivyo siji. Chumba mpe mtu.

Nna ombi moja. Ulisema kuna mambo ya siku za mwisho za Mama hukuwa tayari kuyasema. Nisamehe, lakini sina cha kushika. Sikumuona akiondoka, sikumuosha. Kama alinikasirikia, niambie. Kama aliuliza mbona sikuja, niambie ulimjibu nini.

Hamdiya


Azaiba, Maskati
2 Novemba 2025

Hamdiya, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Atheer. Nimeshamkasirikia vya kutosha, sasa namwombea. Ukimuuliza jioni, muulize kwanza kama amekula. Mimi ndivyo ninavyoanza na Jaifar. Chumba sikumpa mtu.

Jibu lako ni hili. Sijamwambia yeyote, hata Jaifar.

Jumanne ile asubuhi Mama alikuwa hatuoni vizuri tena. Muuguzi alitoka kwenda kuleta maji. Mama akanishika mkono, akanipapasa mpaka kwenye kifundo, akasema, "Hamdiya?"

Nilitaka kusema mimi Kheiria. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nimekaa naye mimi maisha yangu yote, nimemlisha, nimemwogesha, na upande mmoja wa moyo wangu ulitaka ajue ni mimi. Nikasema, "Naam, Mama. Nimefika."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akaniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia nzuri, ndege ilichelewa tu. Akauliza Atheer, nikamwambia yuko jikoni anakunywa maji. Akafumba macho, nikadhani amelala.

Unajua Mama hakumtaja mumeo kwa jina hata mara moja tangu akuoe. Alikuwa anasema "huyo bwana". Basi akafumbua macho akasema, "Na Behruz yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko nje, Mama, anapaki gari."

Akasema, "Mwambie aiweke kivulini. Halafu aingie."

Hakusema tena. Nilibaki nimemshika mkono, nikiwa wewe, mpaka muuguzi aliporudi na maji.

Dada yako,
Kheiria